Mgongo unaniuma mwaka wa nne sasa, na vidonge ndivyo vinavyonisimamisha

BARUA YA MSOMAJI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina umri wa miaka 44, na makazi yangu ni Hombolo, Dodoma. Mimi na mume wangu tunalima zabibu, na mvua zikianza tunaongeza mtama na alizeti. Tuna ng'ombe wachache na mbuzi.

Mgongo ulianza kuniuma miaka minne iliyopita, wakati wa mavuno, nilipokuwa nikinyanyua ndoo ya zabibu kutoka chini. Nilisikia maumivu makali usawa wa kiuno, nikadhani ni uchovu wa siku moja, lakini hayakuondoka. Siku nyingine yanashuka kwenye tako na paja la kulia, ingawa hayavuki goti. Mwaka wa pili nilipigwa picha ya eksirei, nikaambiwa kwamba pingili zimesagika, nisiiname tena wala nisibebe kitu kizito. Tangu hapo naogopa hata kuinama kuokota ufagio. Maji wanachota watoto, na kufua anafua binti yangu mkubwa.

Hata hivyo, wakati wa kupogoa na wa kuvuna hakuna wa kunishikia nafasi yangu shambani. Hapo ndipo ninapokwenda duka la dawa kununua diklofenaki pamoja na vidonge vingine vidogo, ambavyo muuzaji huvifunga kwenye kipakiti cha nailoni kisichoandikwa kitu na kuviita dawa ya mchanganyiko. Nikivimeza nafanya kazi ya siku tatu kwa siku moja, kisha nalala siku mbili bila kuweza kugeuka kitandani. Kwa zaidi ya mwaka sasa haijapita wiki sijavitumia, na siku nyingi ni kila siku. Tumbo limeanza kuniunguza, uso umejaa, na majirani wanasema nimenenepa, maisha yamenikubali.

Mume wangu hanisemi vibaya, lakini naona amechoka. Mama mkwe anasema wao walibeba kuni na maji maisha yao yote na hawakulalamika. Wapo wanaonishauri nichanjwe chale, wapo wanaosema nivae mkanda, na wengine wanasema nilale chini kwenye mkeka. Naomba unieleze: je, mgongo wangu ndio umekwisha? Niache kilimo? Na kama vidonge hivi si vizuri, nitumie nini ili niweze kufanya kazi?

Mkulima wa zabibu, Hombolo

JIBU LA MSHAURI

Mbukwa, dada yangu. Pole sana kwa miaka minne ya maumivu, na pole zaidi kwa kuambiwa kwamba maisha yamekukubali wakati mwili wako unalia. Nitaanza na vidonge, ingawa wewe umeviuliza mwisho, kwa sababu katika barua yako yote hivyo ndivyo vilivyonitia hofu zaidi kuliko mgongo wenyewe.

Diklofenaki ni ya kundi moja na ibuprofeni na meloksikamu. Inapunguza maumivu kwa kuzuia kemikali zinazoleta uvimbe mwilini, lakini baadhi ya kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Mtu akiitumia siku chache, kwa kipimo sahihi na baada ya kula, mara nyingi hapati shida. Anayeimeza karibu kila siku kwa mwaka mzima anajiweka katika hatari ya vidonda vya tumbo, ya kutokwa damu ndani kwa ndani, ya shinikizo la damu kupanda na ya figo kudhoofika. Na anayefanya hivyo huku akipogoa zabibu kwenye jua la Dodoma, maji ya kunywa yakiwa ni kidumu kimoja kwa watu watatu, anaziongezea figo mzigo juu ya mzigo. Tumbo kuunguza ni onyo. Ukiona choo cheusi chenye kunata, au ukitapika damu au kitu kinachofanana na unga wa kahawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Hivyo vidonge vidogo visivyo na jina vinanitisha zaidi. Siwezi kuvitambua kwa barua, lakini uso kujaa na mwili kunenepa kwa mtu anayemeza dawa ya maumivu isiyojulikana vinanifanya nishuku kwamba ndani yake mna steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe zinazofanya kazi kama homoni fulani ya mwili, kwa mfano prednisoloni au deksamethasoni. Hizi ni dawa nzuri mikononi mwa daktari, kwa magonjwa maalumu na kwa muda uliopangwa. Zikiuzwa kiholela kwa maumivu ya mgongo, humpa mtu nguvu ya siku mbili na kumwachia deni kubwa: mifupa hupungua uimara, sukari na shinikizo la damu hupanda, kinga ya mwili hushuka, na zikichanganywa na diklofenaki hatari ya vidonda vya tumbo huongezeka mara nyingi. Aliyekuuzia alipaswa kukuandikia jina la dawa, na una haki ya kukataa dawa yoyote isiyo na jina.

Tafadhali soma sehemu hii mara mbili: usiviache vidonge hivyo ghafla kwa uamuzi wako mwenyewe. Mtu aliyetumia steroidi kwa muda mrefu, mwili wake huacha kutengeneza homoni yake ya asili inayofanana na dawa hiyo, na dawa ikikatwa siku moja anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kushuka shinikizo la damu na hata kuzimia. Ndani ya wiki hii nenda kituo cha afya ukiwa na kipakiti hicho mkononi, pamoja na vidonge vilivyobaki, ueleze umevitumia kwa muda gani na vingapi kwa siku, ili daktari akupunguzie taratibu. Ukianza kutapika au kulegea kabla ya siku hiyo, usisubiri. Diklofenaki, kwa upande wake, iache sasa mpaka tumbo liangaliwe. Kwa siku hizi chache unaweza kutumia parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, usizidishe vinane kwa saa 24, na kwanza uhakikishe kwamba haimo tayari katika dawa nyingine unayomeza. Haitakuondolea maumivu yote, na nakuomba usiongeze kipimo kwa sababu hiyo.

Ukifika huko, omba upimwe shinikizo la damu, sukari, wingi wa damu na utendaji wa figo. Taja pia kwamba mna mifugo. Ikiwa mnakunywa maziwa bila kuyachemsha, au huwa unashika kondo la nyuma mbuzi anapozaa, sema wazi, kwa kuwa ugonjwa wa bruselosi hupita njia hiyo kutoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu, na moja ya dalili zake ni maumivu ya mgongo na viungo yanayoambatana na homa za kuja na kuondoka. Kifua kikuu nacho kinaweza kushambulia uti wa mgongo bila mtu kukohoa hata kidogo. Barua yako haikutaja homa, jasho la usiku wala kukonda, na kwa kuwa steroidi huweza kuficha homa, bora mtaalamu aulize na apime. Ipo pia dharura ambayo kila mwenye maumivu ya mgongo anapaswa kuijua: ukipata ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, ukashindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu ikaanza kulegea, hilo ni suala la saa, si la siku, na kituo cha afya kikupe rufaa ya haraka kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Kama daktari hatakuta mojawapo ya hayo, basi mgongo wako haujaisha, na neno hilo la pingili kusagika limekudhuru pengine kuliko ndoo ya zabibu. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kati ya wenye umri wa miaka 40, asilimia 68 walionekana kuwa na uchakavu wa sahani laini zilizo kati ya pingili. Kwa wenye miaka 50 walikuwa asilimia 80. Hao ni watu wazima wanaolima, wanaocheza ngoma na kubeba watoto bila kujua kwamba migongo yao "imesagika". Uchakavu huo huja na umri, na mara nyingi picha haiwezi kueleza kwa nini mtu mmoja anaumwa na jirani yake haumwi.

Maumivu yakivuka miezi mitatu huitwa maumivu sugu, na tabia yake hubadilika. Jeraha la mwanzo huwa limekwishapona, lakini neva na ubongo hubaki katika hali ya tahadhari, hivyo kuinama kidogo, usingizi mbovu au ugomvi wa nyumbani hutosha kuamsha maumivu makali. Hayo si maumivu ya kubuni wala ya kurogwa, na si uvivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, kwa hiyo mama mkwe anaposema wa zamani hawakulalamika, mimi naamini wengi wao waliumwa na hawakuwa na wa kumwambia.

Umeandika kwamba unafanya kazi ya siku tatu kwa siku moja, kisha unalala mbili. Dada yangu, hapo ndipo penye kiini cha tatizo lako. Siku ya vidonge unapita uwezo wa mwili wako bila kuhisi, siku za kulala misuli inazidi kudhoofika, na msimu unaofuata uwezo umeshuka zaidi, kwa hiyo unahitaji vidonge vingi zaidi kufanya kazi ile ile. Kukaa bila kuinama kwa miaka miwili hakukuulinda mgongo. Kumeufanya usahau kazi yake. Kinachotakiwa ni kuurudisha kazini kwa kipimo, na kipimo chenyewe kisiwe maumivu, kiwe muda au mistari ya mizabibu.

Tafuta kiasi cha kupogoa ambacho ungekimudu hata siku mbaya, bila kidonge. Tuseme ni dakika 15. Basi kwa wiki ya kwanza pogoa dakika 15, hata kama siku hiyo unajisikia vizuri na mkono unakuwasha kuendelea, kisha simama wima, weka viganja kiunoni, jinyooshe kwa nyuma mara kadhaa, tembea hadi mwisho wa mstari na urudi, halafu shika kazi ya namna nyingine, kama kufunga matawi au kukusanya yaliyokatwa. Baadaye rudia tena. Wiki inayofuata ongeza dakika chache. Siku unayojisikia vizuri ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayokushawishi umalize shamba, na wengi ninaowaona huharibu kazi ya mwezi mzima katika siku hiyo moja.

Kuhusu mizigo, anza na ile ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 na zaidi kidogo, na iliyojaa zabibu nayo ni mzigo mzito. Sehemu ngumu ya kubeba kichwani si mwendo, ni kujitwika na kutua. Kwa hiyo kuanzia sasa usijitwike peke yako: awepo wa kukutwisha na wa kukutua, hata akiwa mtoto mkubwa wa jirani. Shambani mume wako ajenge kichanja cha miti kinachofika usawa wa mapaja mwishoni mwa kila mistari michache, ndoo iwekwe juu yake tangu ikiwa tupu, na mvunaji alete zabibu kidogo kidogo katika chombo kidogo. Ndoo inayoanzia kwenye kichanja haihitaji kunyanyuliwa kutoka ardhini. Unapolazimika kunyanyua kutoka chini, sogea mpaka miguu iwe pande zote mbili za mzigo, kunja magoti na kiuno pamoja, uvute mzigo ugusane na tumbo ndipo usimame, na ukitaka kugeuka geuza miguu yote badala ya kukizungusha kiuno huku mikono imebeba. Kujaza nusu ndoo na kwenda mara mbili ni bora kuliko kujaza pomoni na kwenda mara moja.

Naomba usinielewe kwamba kuinama ni kosa. Mgongo umeumbwa kuinama. Kinachouchosha ni kuinama kwa muda mrefu bila kubadilisha, au kubeba uzito ambao haujauzoea. Kwa palizi, mpini mrefu wa jembe hupunguza saa za kukaa umekunjika, na ufagio wa uwanja unaweza kufungwa kwenye mti mrefu. Beseni la kufulia liwekwe juu ya benchi au meza ya miti, si chini. Maji yaje kwa baiskeli au toroli kila inapowezekana, na hili lisiwe kwa ajili yako tu, maana hao watoto wanaokuchotea wana migongo pia. Na kwa kuwa inawezekana mifupa yako imeathirika na dawa, jihadhari sana na kuanguka: kandambili zilizolika nyayo zitupwe, na kwenda chooni usiku kuwe na tochi.

Mazoezi ndiyo tiba ambayo nina imani nayo zaidi kwa hali yako. Katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024, watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno muda si mrefu waligawanywa, kundi moja likapewa mpango wa kutembea pamoja na maelezo ya mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, jingine halikupewa. Nusu ya watembeaji walikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu hayajarudi, wakati kwa wenzao ilikuwa siku 112. Wewe bado hujapona kama wao, lakini njia ni hiyo hiyo na haina gharama. Anza na mwendo wa dakika 10 asubuhi, mikono mitupu, ukipanda taratibu hadi dakika 30 siku tano kwa wiki. Kutembea ukiwa umebeba ndoo usikuhesabu. Ongeza mazoezi mawili nyumbani: kulala chali juu ya mkeka, magoti yakiwa yamekunjwa, ukainua nyonga na kuishusha polepole, na kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika, kisha kukaa, mara 8 hadi 10. Maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi na kurudi mahali pake kufikia kesho yake, endelea. Yakibaki juu, punguza idadi, usiache. Katika rufaa yako omba kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, akuone unavyoinama na kubeba, maana barua haiwezi kufanya kazi hiyo.

Mkanda: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno hauupendekezi kama tiba ya kawaida, kwa hiyo fedha hiyo ielekeze kwingine. Mkeka au godoro, lala panapokupa usingizi. Chale nakusihi uziache kabisa, kwa kuwa wembe wa kuchangia unaweza kuleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na mtu aliyetumia steroidi hupona vidonda kwa shida. Kitambaa cha maji ya moto kiunoni kabla ya kulala hakina ubaya, alimradi hakiunguzi.

Usiache kilimo. Badilisha mgawanyo wake, na jambo hili haliwezi kuamuliwa na wewe peke yako. Mwonyeshe mume wako barua hii. Pigeni hesabu ya fedha zilizokwenda duka la dawa kwa mwaka, mkumbuke na siku ulizolala, halafu mzilinganishe na ujira wa kibarua wa kubeba ndoo katika siku za mavuno pekee. Wewe ubaki na kuchagua, kukata na kupanga, kazi zinazohitaji jicho lako na uzoefu wako. Mume anayeona mkewe akifanya kazi nusu siku kila siku, badala ya siku moja kuua mwili na mbili kulala, ataona pia kwamba shamba linasonga.

Yatakuja maumivu makali tena, hata ukifuata yote haya, na siku hiyo ndiyo mkono utakaporudi kutafuta kipakiti. Jiandae mapema: punguza kazi hadi nusu ya kipimo cha siku hizo, usilale kutwa nzima, tembea dakika tano tano ndani ya uwanja, tumia kitambaa cha moto na, ikibidi, parasetamoli. Kwa kawaida makali hupungua ndani ya siku chache hadi wiki mbili, nawe unarudi kwenye kipimo chako kidogo kidogo. Yakizidi hapo, au yakivuka goti kushuka kwenye unyayo pamoja na ganzi, rudi kwa daktari aliyekuona, na umwambie ukweli wote kuhusu kila kidonge ulichomeza.